Gari linakimbia, kitabu kinabaki nyuma

SWALI

Shikamoo mwalimu. Tuna kikundi kidogo cha kusoma hapa Morogoro, na safari hii tumesoma On the Road ya Jack Kerouac. Nilikuwa nimeambiwa ni riwaya ya mwendo kasi, ya vijana na magari. Mimi nimeikuta inajikokota. Mwanzoni jamaa hata hafiki anakokwenda. Denver wanakaa wanapiga soga tu. Kwenye mashamba ya pamba nilitaka kukifunga kitabu. Halafu wakipata gari la maana, ile Cadillac, mambo yanapita mbio hata sikuona kitu. Na safari zenyewe zinafanana: magharibi, mashariki, magharibi tena. Meksiko ndiyo iliyoniamsha, kisha mwisho ukakatika ghafla. Je, tatizo ni mimi, ni Kiingereza chake, au mwandishi alishindwa kupanga mwendo wa hadithi? Na je, niirudie au niachane nayo?

JIBU

Marahaba, dada. Nimefurahi kwamba umesema ni wapi hasa ulichoka. Wengi wakiulizwa kuhusu riwaya hii hujibu kwamba ni kali au kwamba inachosha, basi. Wewe umetaja Denver, umetaja pamba, umetaja Cadillac. Hapo tuna pa kuanzia.

Kwa wanaotusoma ambao hawajakutana nayo: riwaya ilichapishwa Marekani mwezi Septemba 1957. Msimulizi ni Sal Paradise, kijana anayejaribu kuandika na anayeishi kwa shangazi yake New Jersey, jirani na New York. Rafiki yake ni Dean Moriarty wa Denver, mtu wa maneno mengi, magari mengi na wanawake wengi. Kuanzia Julai 1947 Sal anaivuka Marekani mara kadhaa, kwanza peke yake kwa kuomba lifti na kupanda mabasi, baadaye pamoja na Dean, hadi mwishowe wanateremka Meksiko. Kitabu kina sehemu tano. Ya kwanza ndiyo ndefu kuliko zote na ya tano ni kurasa chache tu.

Nakubaliana na karibu kila ulichokiona. Ninapotofautiana nawe ni kwenye maana yake. Unasema gari likienda polepole kitabu kinajaa maneno, likikimbia kitabu kinakuwa chembamba, na unalihesabu hilo kuwa kasoro. Mimi naona hapo ndipo riwaya yenyewe ilipo.

Mfaransa Gérard Genette, katika uchambuzi wake wa masimulizi wa mwaka 1972, alitupa njia rahisi ya kupima mwendo. Linganisha muda ambao tukio linachukua katika maisha ya wahusika na idadi ya kurasa linazopewa. Kuna mruko, ambapo miezi inapita bila neno. Kuna muhtasari, ambapo wiki nzima inaingia katika aya moja. Kuna onyesho, hasa mazungumzo, ambapo muda wa kusoma na muda wa tukio unakaribiana. Na kuna kituo, ambapo hadithi inasimama ili tutazame kitu. Msomaji anayesema riwaya inajikokota mara nyingi maana yake ni kwamba mwandishi ametumia onyesho mahali ambapo yeye alitarajia muhtasari. Kwa hiyo tuulize: Kerouac anatoa kurasa zake kwa nani, na anamnyima nani?

Chukua jimbo moja tu, Nebraska. Katika Sehemu ya Kwanza Sal analivuka kwa lifti za kubahatisha, na mwisho anaokotwa na lori tambarare lisilo na ubavu, linaloendeshwa na vijana wawili wakulima kutoka Minnesota ambao wanampakia kila wanayemkuta barabarani. Sura ya nne karibu yote ni ya lori hilo. Tunajua nani amekaa wapi. Yuko Mississippi Gene, mzururaji wa miaka thelathini, na kijana mdogo anayemlea njiani. Yuko Montana Slim, ambaye anataka kwenda haja ndogo wakati lori halisimami. Anajivuta hadi ukingo wa nyuma, na madereva kwa makusudi wanaliyumbisha lori hadi anajilowesha. Wanasimama North Platte kula. Sal ananunua chupa ya wiski na inazunguka mkono kwa mkono. Usiku unaingia baridi, wanajifunika turubai, nyota zinatokeza. Sal mwenyewe anasema hakuwahi kupata lifti kubwa kama ile maishani mwake.

Sasa nenda Sehemu ya Tatu, pale Sal na Dean wanapoondoka kwenye ranchi ya Ed Wall, rafiki wa zamani wa Dean, wakiwa na Cadillac ya mwaka 1947 ambayo tajiri mmoja amewakabidhi waifikishe Chicago. Nebraska ileile, yote, inapita usiku mmoja. Dean anakwenda maili 110 kwa saa, yaani karibu kilomita 177, na jimbo linapewa mistari michache: barabara imenyooka, miji imelala, basi. Hakuna Gene, hakuna Slim, hakuna turubai.

Ulisema hukuona kitu. Sal naye hakuona. Kadiri safari inavyoendelea anaingiwa na hofu, anahamia nyuma, na kuna wakati anajilaza chini kabisa kwenye sakafu ya gari, macho kayafumba, akijaribu kulala na asiweze, huku akihisi barabara ikipita kwa kasi chini ya mwili wake. Mtu aliyeanza kitabu akiwa na hamu ya kuona kila mji sasa amelala sakafuni ndani ya gari la kifahari asione chochote. Safari nzima ni maili 1,180, karibu kilomita 1,900, na Sal anapiga hesabu kwamba walitumia saa 17 ukiondoa muda waliokwama mtaroni, waliokaa ranchi na walioshikwa na polisi mjini Newton, Iowa. Anaipiga hesabu hiyo kwa sababu hana kingine cha kusimulia isipokuwa namba. Kwenye lori alikuwa na watu.

Hata mwanzo unaoulalamikia nauona hivyohivyo. Sal amekaa kwa miezi akitazama ramani, ameuona mstari mmoja mwekundu unaoitwa Route 6 unaotoka Cape Cod hadi Ely, Nevada, kisha unashuka Los Angeles, na ameamua kuufuata mstari huo tu. Anafika daraja la Bear Mountain, maili 40 kaskazini mwa New York, wakati yeye anataka magharibi. Mvua inamnyeshea, magari hayapiti, na mwishowe anarudi New York ndani ya basi lililojaa walimu waliotoka mapumziko ya milimani. Kisha anakata tiketi ya basi hadi Chicago na sehemu kubwa ya pesa yake inaishia hapo. Ni kweli hafiki anakokwenda. Lakini katika kurasa hizo chache tumeshafundishwa kwamba kusafiri kwa mstari wa ramani hakuwezekani, na kwamba atategemea watu. Bila mvua ile, lori la Nebraska lisingekuwa na uzito wowote.

Kuna sababu ya nje ya kitabu pia, na huwa haitajwi vya kutosha. Sheria ya Marekani iliyoanzisha mtandao wa barabara kuu za kisasa, maili 41,000, ilipitishwa mwaka 1956. Safari za Sal ni za kabla ya hapo. Barabara zake ni zile za njia mbili zinazoingia mjini, zinapita mbele ya maduka na hoteli za kulia chakula, zinatoka upande wa pili. Lifti ni za vipande vipande: mkulima anakubeba hadi shambani kwake, anakushusha, unasubiri. Mwendo wa Sehemu ya Kwanza ni mwendo halisi wa barabara hizo. Tukikisoma leo tukiwa na picha ya barabara pana zinazozunguka miji, tunakidai kitabu kasi ambayo nchi yenyewe haikuwa nayo bado.

Denver nakupa haki, na sitaki kuzunguka. Zile sura za Denver katika Sehemu ya Kwanza zinapwaya. Yanamwagika majina, Chad King, Tim Gray, Roland Major, Ray Rawlins, na wengi wao hawapewi sura wala sauti ya kutosha kuwatenganisha. Kuna sherehe, kuna ulevi, kuna safari ya Central City ambako kunachezwa opera, na yote yanasimuliwa kana kwamba sisi pia tuliwajua watu hao. Hapa naona mapenzi ya mwandishi kwa marafiki zake yakiizidi nguvu kalamu yake. Wahusika hawa wametokana na watu wa kweli katika maisha ya Kerouac, na mtu anapoandika habari za marafiki zake ni rahisi kusahau kwamba msomaji hajawahi kukaa nao. Kitu kimoja tu kinaniokoa katika kurasa hizo: Sal amesafiri nusu ya nchi kwa ajili ya Dean, na Dean hana nafasi naye. Anagawanya usiku wake kati ya wanawake wawili, Marylou na Camille, na alfajiri anakaa kitandani akitazamana na rafiki yao mshairi, Carlo Marx, wakisemezana bila kikomo. Sal anakaa pembeni akisikiliza. Upweke huo ni wa kweli, ila ungetosha sura mbili.

Lakini pamba, dada yangu, naomba uirudie. Hapa hatukubaliani kabisa.

Sal anakutana na Terry kwenye basi Bakersfield, California. Ni mwanamke kijana wa asili ya Meksiko, ana mtoto wa kiume anayeitwa Johnny, amemkimbia mume anayempiga. Wanajaribu mambo kadhaa Los Angeles, yanashindikana, wanaishia kwenye hema karibu na Sabinal, na Sal anachuma pamba. Analipwa dola 3 kwa kila ratili 100, na kwa siku anaambulia dola moja na nusu hivi, inayotosha kununua chakula cha siku hiyo tu. Ncha za vidole vinatoka damu. Mgongo unamuuma hadi anapiga magoti. Terry na Johnny wanakuja shambani kumsaidia. Mwanamke na mtoto wana kasi kuliko yeye, wanatangulia mbele na kumwachia vichungu vya pamba safi avitie kwenye gunia lake.

Hapo ndipo pekee katika riwaya nzima ambapo mwendo wa kitabu unakuwa mwendo wa kazi. Siku zinafanana kwa sababu kazi inafanana. Msomaji ambaye amekulia karibu na mashamba ya pamba, na sisi tunao wengi toka Shinyanga hadi Kilosa, anajua kwamba siku ya kuchuma haina kilele. Kerouac angeweza kuandika kwa muhtasari kwamba Sal alifanya kibarua kwa muda kisha akarudi kwao. Badala yake anatukalisha hemani, tunasikia wanachokula, tunawaona majirani. Kisha tazama anachokifanya mwishoni: kuagana na Terry kunachukua mistari michache. Imepangwa Terry aje New York, wote wawili wanajua haji, Sal anageuka na kwenda zake.

Ukishaliona hilo mara moja utaliona katika kitabu kizima. Riwaya hii inachelewa kwenye kufika na kutazama, inaharakisha kwenye kuondoka. Kila mtu anapoachwa, mwandishi anakanyaga mafuta. Mfano ulio wazi kuliko wote ni Galatea Dunkel. Katika Sehemu ya Pili tunaambiwa kwa haraka haraka kwamba ameolewa na Ed Dunkel, kwamba alikuwa safarini pamoja na Ed na Dean, na kwamba pesa yake ilipokwisha walimtoroka hotelini Tucson wakaendelea na safari. Sentensi chache, kwa sauti ya mtu anayesimulia kituko. Unasoma, unapita.

Halafu Sehemu ya Tatu, San Francisco, Galatea anarudi. Safari hii hadithi inasimama kabisa. Wanawake wamekaa chumbani, Dean amesimama mbele yao na kidole gumba kilichofungwa bandeji kubwa, na Galatea anamwambia usoni kwamba hamjali mtu yeyote isipokuwa nafsi yake. Anataja mke, anataja watoto. Hakuna gari, hakuna muziki, hakuna anayekatiza. Onyesho hili lina mwendo wa polepole kuliko pamba, na kwa maoni yangu ndilo bora kuliko yote katika kitabu, kwa sababu mtu aliyepewa sentensi chache alipoachwa sasa anapewa sura ya kuzungumza. Sal anamtetea Dean. Sisi wasomaji hatulazimiki.

Kuhusu safari kufanana: hujadanganywa na macho yako. Malcolm Cowley, aliyekuwa mhariri mshauri katika kampuni ya Viking iliyokichapisha, alilalamika jambo hilohilo kabla yako. Alisema hadithi ilikuwa inayumba kutoka pwani hadi pwani kama timazi la saa, na alishauri baadhi ya safari ziunganishwe. Kerouac alikubali, kwa hiyo tunachosoma ni toleo lililopunguzwa tayari. Watu hupenda kisa cha Aprili 1951, jinsi alivyokaa New York kwa majuma matatu akipiga taipureta kwenye karatasi zilizounganishwa kuwa utepe wa mita 36 hivi, bila kufungua aya mpya. Kisa hicho ni cha kweli. Lakini kabla yake kulikuwa na miaka ya madaftari na rasimu zilizotupwa, na baada yake miaka 6 ya kusahihisha hadi kitabu kikatoka. Kwa hiyo marudio yaliyobaki yalipita chini ya macho ya watu wawili waliojua kazi yao. Nadhani yalibaki kwa kuwa kinachobadilika ni msafiri. Mara ya kwanza Sal hana pesa na anataka kila kitu. Kufikia mara ya tatu ana pesa kidogo mkononi, na anachotaka zaidi ni kuwa karibu na Dean wakati wengine wote wamemchoka. Uchovu ulioupata Sehemu ya Tatu ni wa Sal pia. Kwamba mwandishi amefaulu kukuchosha kwa namna yenye thamani au amekuchosha tu, hilo kila msomaji ataamua mwenyewe. Mimi nasema amefaulu katika Sehemu ya Tatu, na kwa Sehemu ya Pili nina mashaka.

Suala la Kiingereza ni la kweli na halina aibu ndani yake. Sentensi za Kerouac ni ndefu, anaunganisha kwa "and" juu ya "and", koma anaziacha anapotaka. Alivutiwa na wapiga saksofoni wa jazi wa miaka ya 1940, akataka sentensi iishe pale pumzi inapoisha. Ukisoma kwa macho peke yake, hasa katika lugha ambayo si ya nyumbani, jicho linatafuta nukta halioni, na unachoka kabla tukio halijakuchosha. Katika kikundi chenu jaribuni kusomeana kwa sauti ile sura ya nne ya Sehemu ya Tatu, usiku wa jazi San Francisco, mpiga saksofoni akipiga huku umati unampigia kelele. Usiku mmoja wa baa umepewa nafasi kubwa kuliko majimbo kadhaa. Anayesoma apokezwe na mwenzake pumzi inapomwishia. Nimeona madarasa yaliyokuwa yamelala yakiamka kwa njia hiyo.

Meksiko iliyokuamsha inathibitisha ninachokisema. Gari limekuwa duni tena, Ford ya mwaka 1937, barabara ni mbaya, joto kali, wadudu, kwa hiyo mwendo umeshuka na macho yamefunguka. Sal analala juu ya paa la gari msituni. Karibu na alfajiri farasi mweupe anatokea gizani, anapita karibu na kichwa cha Dean aliyelala barabarani, anaendelea na njia yake. Haina sababu katika msuko wa hadithi. Ni kituo kitupu, na hakuna msomaji anayekisahau. Milimani Dean anasimamisha gari na kumpa msichana mdogo saa yake ya mkononi kwa kubadilishana na jiwe dogo la kioo, na tunapewa muda wa kuona jinsi Dean anavyolichagua jiwe hilo mkononi mwa msichana. Kisha Mexico City, Sal anaugua kuhara na homa, na Dean anamwacha kitandani. Tena kuondoka, tena mistari michache, ila safari hii anayeachwa ni msimulizi mwenyewe. Ndiyo maana mwisho unakukatikia. Sehemu ya Tano inamfanyia Dean yaleyale: amevuka nchi nzima kumfuata Sal, maneno yamemwishia, na jioni ya baridi New York marafiki wa Sal wanakwenda kwenye tamasha la Duke Ellington na hawataki kumpa lifti. Gari linaondoka. Mtu aliyekuwa usukani kitabu kizima anabaki barabarani kwa miguu, na mwandishi anageuza kichwa nyuma kumtazama aliyeachwa.

Kwa hiyo irudie, ila usianze ukurasa wa kwanza. Soma sura ya nne ya Sehemu ya Kwanza, ya lori, kisha fungua Sehemu ya Tatu pale Cadillac inapotoka ranchi ya Ed Wall, uisome hadi Chicago. Baada ya hapo nenda kwa Terry na pamba, halafu sura ya Galatea. Denver unaweza kuipitia juujuu bila dhambi. Zikikuacha ulivyokuwa, mpe mwenzako kitabu na mchague kingine. Zikikushika, soma Sehemu ya Tano siku hiyohiyo, kabla hujamsahau Terry.